Fundi Anaposema, Mkubwa Asiposikia

Fundi wa korona katika shamba la mkonge akisikia mlio asioujua ndani ya mashine, humwambia mhandisi wake. Mhandisi humwandikia meneja. Meneja, ambaye ana mzigo unaosubiriwa bandarini, huiweka barua ile mezani. Siku mashine inapomkata mtu mkono, swali huwa ni nani aliyezembea, na fundi ndiye wa kwanza kuitwa.

Si mara zote mkubwa ni mtu mbaya. Habari mbaya hupungua uzito kila inapopanda ngazi. Fundi husema "itavunjika", msimamizi huandika "inahitaji kuangaliwa", na anayeketi Dar es Salaam husoma "kazi inaendelea vizuri".

Huko Marekani, mhandisi Roger Boisjoly wa kampuni ya Morton Thiokol aliwaandikia wakubwa wake mwezi Julai 1985 kwamba mipira ya kuziba maungio ya roketi za vyombo vya angani ni hatari, na kwamba watu wanaweza kufa. Usiku wa kuamkia Januari 28, 1986, yeye na wenzake walipinga kwa simu kurushwa kwa chombo cha Challenger, kwa kuwa baridi ilikuwa kali na mpira ukipoa hukakamaa. Wakubwa wa kampuni wakajadiliana peke yao, wakageuza kauli. Chombo kilisambaratika baada ya sekunde 73, na wote 7 waliokuwamo wakafa.

Sasa turudi Upare. Kwa mtu wa Bendera, kule bondeni mbali kabisa na makao ya wilaya, kwenda Same kulalamika ni safari yenyewe. Hata hivyo, mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliifunga safari hiyo wakaenda kukaa Same, baada ya machifu kutowasikiliza juu ya mbiru, yaani kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Walichokataa ni makadirio, wala si kulipa kodi. Jambo hili mafundi wetu wengi hulisahau: huingia ofisini na hasira ya miaka 5, wakasema kila kitu ni kibovu, na meneja asijue aanze na lipi. Same ilipokuwa kiziwi, Wapare walipeleka madai yao ngazi za juu zaidi. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakaandamana. Hatimaye mbiru ikaondolewa.

Basi fundi aandike jambo moja: kifaa gani, kipimo gani, tarehe gani, na mashine isimame siku ngapi ili itengenezwe. Atie sahihi na wenzake, kwani mmoja hufukuzwa kwa urahisi. Abaki na nakala. Kimya kikizidi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inao wakaguzi wake, na wahandisi wanayo Bodi ya Usajili iliyowekwa na sheria ya mwaka 1997.

Nisiwadanganye kwamba hakuna gharama. Boisjoly alizikabidhi nakala za barua zake kwa tume ya Rais iliyochunguza ajali ile. Wenzake kazini wakamtenga, akaiacha kampuni. Mwaka 1988 chama cha wanasayansi cha Marekani kikampa tuzo.