Kuinua gari la kanisa: sentimita tano zinatosha, nazo zina masharti yake



Kila mvua zinapoanza, swali moja linarudi katika kamati zetu: je, tuinue gari? Malori ya barabara ya Komanda na ya Mahagi yanachimba mifereji mirefu ndani ya potopoto. Jeep ya kanisa ikifuata nyuma yao inakalia tumbo, magurudumu yanazunguka bure. Na ndani yake pengine kuna mama anayepelekwa kuzaa katika hospitali ya Nyankunde. Ndipo mtu husema: tuweke resori ndefu na mapine makubwa, taabu itaisha.

Wazo hilo si baya. Lakini kabla ya kutoa sadaka ya waamini kwa kazi hiyo, inafaa tuelewe inabadilisha nini na haibadilishi nini.

Kinachoinuka na kisichoinuka

Tazama chini ya Land Cruiser. Utaona ponti, lile chuma nene linalounganisha gurudumu la kushoto na la kuume, lenye tumbo la duara. Juu yake kuna resori, na juu ya resori kuna mwili wa gari: shasi, tangi la mafuta, bomba la moshi, viti na watu.

Ukiweka resori ndefu zaidi, kinachopanda ni mwili tu. Ponti inabaki pale pale, maana yenyewe inakaa juu ya magurudumu. Kinachoweza kuinua ponti ni pine kubwa, tena kwa nusu tu ya ukubwa ulioongezeka.

Tuchukue mfano. Prado nyingi zinatembea na mapine ya 265/70 R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili inasema kimo cha ubavu ni asilimia ngapi ya upana huo. Ya mwisho ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Pine hilo lina kimo cha karibu sentimita 77.7. Ukiweka 265/75 R16, unapata karibu sentimita 80.4. Tofauti ni sentimita 2.7, na ponti inapanda sentimita 1.3, yaani kama upana wa kidole. Kwa hiyo, kama mfereji wa lori una kina cha goti, hakuna resori wala pine la kiasi litakalouvuka. Dawa yake ni jembe, ubao, na shofere anayeshuka kutazama njia kwanza.

Faida ya kuinua ipo, lakini ni ya kadiri. Tangi na bomba havigongi haraka, pua ya gari haichomi ukingo inapoingia shimoni, na pine kubwa linapata nafasi ya kugeuka bila kusugua.

Pima kwanza

Magari yetu mengi hayakutoka kiwandani yakiwa mafupi. Resori zake zimechoka kwa miaka ya kubeba simenti, mabati na magunia. Simamisha gari mahali palipo sawa, bila mzigo. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne. Kisha pakia mzigo wa kawaida, upime tena. Kama upande mmoja umelala, au nyuma inashuka sana, gari linahitaji resori mpya zinazolingana na mzigo wake wa kweli. Mara nyingi hiyo peke yake inarudisha kimo kilichokuwa kimepotea.

Kwa nini tusizidishe

Mafundi wenye uzoefu hukaa kwenye sentimita nne au tano. Kupita hapo, kila kitu kinachounganisha mwili na magurudumu kinavutwa. Kwenye Prado na Hilux, ambazo magurudumu ya mbele hayakai juu ya ponti moja, kadani za mbele zinapinda zaidi na mipira yake inapasuka. Kwenye Land Cruiser yenye ponti mbele na resori za kuzunguka, usukani unaanza kutangatanga, na unahitaji bushi za kuurekebisha.

Hata kwa hizo sentimita tano, dai mambo haya kwa fundi wako:

- Amotisere ziwe za urefu unaolingana na resori mpya.
- Mipira ya freni ikaguliwe magurudumu yakiwa yananing'inia, isivutike.
- Magurudumu ya mbele yanyooshwe tena, na taa zishushwe zisipofushe wengine.
- Vali ya freni za nyuma irekebishwe.

Hilo la mwisho husahauliwa sana. Magari mengi ya Toyota ya aina hii yana vali ndogo karibu na ponti ya nyuma, yenye mkono wa chuma unaosoma uzito wa mzigo. Mwili ukishuka, vali inajua kuna mzigo, inaruhusu freni za nyuma zishike zaidi. Ukiinua nyuma bila kugusa mkono huo, vali inadhani gari ni tupu, na nyuma inashika kidogo. Wanaotoka Bogoro kuteremka Kasenyi wanajua maana yake. Bunia iko juu ya mita 1,200, Ziwa Albert liko karibu mita 620. Mteremko ule hausamehe freni dhaifu.

Jihadharini pia na njia za mkato: kuchomelea vipande vya chuma, au kuongeza resori ya lori. Gari litapanda kweli, lakini litakuwa gumu kama kigogo, na mgonjwa aliyelala nyuma ndiye atakayelipa.

Mapine

Hesabu matano, si manne. Pine la akiba lenye kimo tofauti linaumiza mashine za gari linalovuta magurudumu yote wakati wote.

Soma namba ya mzigo ubavuni: 112 maana yake kilo 1,120 kwa pine moja. Pine jipya lisiwe na namba ndogo kuliko la zamani. Soma pia tarakimu nne za tarehe: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Pine kuukuu linaweza kuwa na meno mazuri na mpira uliokauka.

Tena, pine kubwa ni zito na linazunguka polepole. Motere inachoka kwenye milima, mafuta yanaongezeka, freni zinachelewa kusimamisha. Kwa mfano wetu, kipima mwendo kikionyesha 60, gari linakwenda 62.

Uwezo wa kubeba haukuongezeka

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Gari likishakuwa refu, watu huliamini. Kwaya nzima inapanda, magunia yanafungwa juu ya paa. Lakini shasi ni ile ile, freni ni zile zile, na uzito sasa uko juu zaidi. Kwenye kona, au gurudumu moja likizama, gari refu lenye mzigo juu linapinduka mapema kuliko lilivyokuwa kabla.

Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mwenye nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, ili asichukue hatia ya damu mtu akianguka. Nyumba imeinuliwa, basi mwenyewe anawajibika kwa wanaopanda. Kamati inayoinua gari imechukua wajibu kama huo. Iandike idadi ya abiria na kuibandika mbele ya shofere. Ikataze mzigo mzito juu ya paa. Imlinde shofere anayekataa kupakia, hata kama anayemlazimisha ni mchungaji.

Kama fedha hazitoshi kwa yote, fuateni utaratibu huu: freni kwanza, kisha resori na amotisere za kiasi, mapine mazuri ya kimo cha kiwandani, na mwisho kabisa mapine makubwa. Sehemu nyingi zitakuta kwamba hatua ya tatu inatosha.