Mwanga Kabla ya Umbali: Lenzi Nafuu kwa Mpiga Picha za Ngoma

Upigaji picha za ngoma, ziwe za jadi uwanjani au za kisasa jukwaani, una mambo matatu yanayovutana: wachezaji huwa mbali na kamera, huenda kwa kasi isiyotabirika, na mara nyingi huangazwa na taa hafifu. Lenzi ndefu, yaani ile inayokivuta kitu cha mbali kikaonekana karibu, hutatua jambo la kwanza tu. Lakini kwa kuwa umbali ndio unaopimika kirahisi dukani, ambako namba kubwa huuzwa kwa bei ndogo, wanunuzi wengi wa kipato cha kawaida hujikuta wamelipia milimita wasizozihitaji na kukosa mwanga ambao wangeuhitaji kila usiku wa tamasha.

Namba ya kwanza inayoandikwa kwenye lenzi ni urefu wa fokasi, unaohesabiwa kwa milimita, nao ndio unaoamua ni sehemu gani ya mandhari itakayoingia katika picha: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo eneo linaloonekana linavyopungua na mchezaji anavyoonekana mkubwa. Lenzi ya zumu ni ile ambayo urefu huo hubadilishwa kwa kuzungusha pete, kwa mfano kutoka milimita 70 hadi 200. Namba ya pili, inayotanguliwa na herufi f, huonyesha ukubwa wa tundu la kupitishia mwanga, na hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu namba hii huenda kinyume: f/2.8 ni tundu pana kuliko f/5.6. Namba hiyo hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu, hivyo lenzi ya milimita 200 yenye f/2.8 huhitaji tundu lenye kipenyo cha milimita 71 hivi, wakati yenye f/5.6 hutosheka na milimita 36. Kipenyo kikizidi mara mbili, eneo huzidi mara nne, na mwanga vivyo hivyo. Vioo vipana vinavyohitajika kwa ajili ya tundu hilo ndivyo vinavyoifanya lenzi ya zumu ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8 iwe na uzito wa kati ya kilo moja na kilo moja na nusu, na bei inayopita dola 2,000 za Marekani inapotoka mpya kwa Canon, Nikon au Sony, ilhali lenzi ya Canon ya milimita 55 hadi 250, ambayo tundu lake hupungua kutoka f/4 hadi f/5.6 kadiri inavyovutwa, ina gramu 375 tu na huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo.

Mara nne si tofauti ya kupuuzwa. Ichukuliwe kuwa taa za jukwaa fulani zinaruhusu f/2.8, kasi ya shata (yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia) ya 1/500 ya sekunde, na ISO 3200, ISO ikiwa ni kipimo cha jinsi kamera inavyokuza mwanga ilioupokea. Mpiga picha mwenye f/5.6 aliyesimama palepale hana budi kushusha kasi hadi 1/125, au kupandisha ISO hadi 12800 na kuzikubali chengachenga, yaani vile vitone vinavyotapakaa kwenye sehemu za giza za picha. Akichagua kushusha kasi, gharama yake inahesabika: mkono unaokwenda mita tano kwa sekunde husogea sentimita moja katika 1/500 ya sekunde, na sentimita nne katika 1/125, kiasi cha kutosha kuvifuta vidole vyote. Kitulizi cha mtikisiko, ambacho wauzaji hukisifu sana, hakisaidii hapa, kwa kuwa hutuliza mkono wa anayepiga picha na wala si mwili wa anayecheza. Bajeti ikilazimisha kuchagua kati ya kitulizi na tundu pana, anayepiga picha za ngoma achague tundu.

Fizikia, hata hivyo, humwachia mwenye lenzi ya bei ya chini upenyo mmoja. Mtu anayeruka wima hupunguza mwendo kadiri anavyopanda, husimama kitambo kidogo kileleni, kisha hushuka. Na kwa kanuni ya mvutano wa dunia, nusu ya muda wote anaokuwa hewani huutumia katika robo ya juu ya kimo cha mruko wake. Morani wa Kimaasai anayeruka sentimita 40 katika ngoma ya adumu hukaa hewani kwa takriban sekunde 0.57, na kati ya hizo karibu sekunde 0.29 huzimaliza katika sentimita kumi za juu kabisa, hapo ambapo hata kasi ya 1/160 inaweza kumnasa akiwa ametulia, ingawa ushanga wa shingoni, ambao huendelea kupanda wakati mwili umekwisha kusimama, utaacha mchirizi wa rangi. Kiuno cha mcheza ngoma ya sindimba nacho husimama kila kinapogeuza upande, na jembe linalorushwa katika ngoma ya bugobogobo hukoma kupanda kabla halijaanza kushuka. Nyakati hizo hufuata mapigo, kwa hiyo sikio linaloifuata ngoma huweza kuokoa sehemu ya mwanga ambao mfuko umeshindwa kuununua. Si mwanga wote, lakini ni sehemu ya maana.

Umbali nao una hesabu yake. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga, chenye upana wa milimita 23 hivi, badala ya 36 za kihisi kikubwa kinacholingana na fremu ya filamu ya zamani. Kwa kihisi hicho kidogo, milimita 200 zikielekezwa kwa mchezaji aliye umbali wa mita 10 huona upande mrefu wa mita 1.2 tu, kwa hiyo hata kamera ikisimamishwa wima mtu mzima haingii katika picha. Ili aingie pamoja na mikono aliyoiinua, milimita 100 zinatosha; na milimita 200 huanza kuhitajika anapokuwa umbali wa mita 20. Anayeweza kupata nafasi katika safu za mbele hana sababu ya kununua milimita 300.

Mazingira ya ngoma ndiyo yanayoamua zaidi. Katika sherehe za Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza, ambako vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana mchana kweupe kuvuta watazamaji, f/5.6 haina ubaya wowote. Shida ya hapo ni umati kusongamana hadi mpiga picha akabaki mita tatu au nne kutoka kwa mchezaji, mahali ambapo hata milimita 70 ni ndefu mno na lenzi fupi iliyokuja na kamera ndiyo inayofaa. Ndani ya Ngome Kongwe ya Unguja, ambako tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004 limefanyika kwa miaka mingi, mambo hugeuka usiku unapoingia: jukwaa liko mbali, taa hubadilika rangi kila mara, na lenzi iliyokuwa hodari mchana huanza kupapasa ikitafuta pa kulenga, kwa sababu mitambo ya kulenga nayo huhitaji mwanga.

Kwa matumizi hayo ya usiku, ununuzi wenye manufaa makubwa kwa bei ya chini ni lenzi ya zumu ya f/2.8 ya kizazi kilichopita iliyokwisha kutumika. Lenzi za Canon za aina ya EF hufanya kazi vizuri kwenye kamera zake mpya zisizo na kioo cha ndani, mradi kiunganishi kipatikane. Nikon inahitaji uangalifu zaidi: lenzi yake ya zamani ya milimita 80 hadi 200, yenye herufi D baada ya namba ya f, ni imara na huuzwa kwa bei nzuri, lakini haina mota yake yenyewe, hivyo haiwezi kulenga kiotomatiki kwenye kamera za familia za D3000 na D5000, ambazo ndizo zinazoshikwa na wanafunzi wengi. Kwa wenye kamera za Sony, Tamron ilitoa mwaka 2020 lenzi ya milimita 70 hadi 180 yenye f/2.8, isiyo na kitulizi, kwa dola 1,199. Lenzi za f/4, kama ile ya Canon ya milimita 70 hadi 200 yenye gramu 705, hupitisha nusu ya mwanga wa f/2.8, na kwa kamera za karibuni zinazostahimili ISO kubwa ni maafikiano ya haki.

Ipo pia njia ambayo wauzaji hawaitaji mara nyingi, nayo ni kuachana na zumu kabisa. Lenzi ya milimita 85 yenye f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, ni nyepesi, na kwa kihisi kidogo humwingiza mchezaji mzima aliye umbali wa mita nane. Hasara yake ni kwamba mpiga picha hulazimika kusogea kwa miguu, jambo lisilowezekana ukumbini penye viti. Tundu pana nalo lina masharti: kwa milimita 200 na f/2.8 kwenye kihisi kikubwa, kina cha eneo linaloonekana kwa ukali katika umbali wa mita 10 ni kama sentimita 40, kwa hiyo wachezaji waliopangana mbele na nyuma hawataonekana sawasawa wote.

Lenzi iliyotumika ikaguliwe kwa tochi. Adui mkubwa katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Mombasa na Tanga ni kuvu, ambayo huota juu ya vioo vya ndani pale hewa inapokuwa na unyevu mwingi, ikatandaa mithili ya utando wa buibui. Tochi ikimulikwa kutoka nyuma huku tundu likiwa wazi kabisa, nyuzi zake huonekana. Vumbi kidogo halina madhara. Mafuta kwenye vijembe vya tundu, sauti ya kukwaruza wakati wa kulenga, na pete iliyolegea ni sababu za kuahirisha ununuzi au kupunguza bei kwa kiasi ambacho fundi atakidai.

Palipo na wakodishaji, ni busara kuikodi lenzi ya aina inayofikiriwa kwa tamasha moja kabla ya kuinunua. Kila faili la picha huhifadhi ndani yake urefu wa fokasi, tundu na kasi vilivyotumika, na programu za kawaida za kupangia picha huweza kuzionyesha takwimu hizo kwa pamoja. Picha nyingi zilizofaa zikionekana kupigwa kati ya milimita 70 na 120, basi fedha zilizotengwa kwa milimita 300 zielekezwe kwenye tundu pana, na zikiwa zimerundikana kwenye 200, mpiga picha ana haki ya kutafuta lenzi ndefu zaidi, au kuwaomba waandaaji kiti cha mbele.