Hataza na Njia ya Majini

Hataza ni haki apewayo mvumbuzi na Serikali, kwa muda maalumu, ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila idhini. Yafaa isichanganywe na hakimiliki. Mwezi wa Desemba 2000 kampuni ya British Telecom iliishtaki Prodigy huko Marekani, ikidai kuwa viungo vya intaneti, vimpelekavyo msomaji toka ukurasa hadi ukurasa, vimo katika hataza yake ya mwaka 1989. Ni kama mtu wa Newala ya zamani, juu ya uwanda wa Makonde usio na mito, kutoza ushuru katika njia ya kuteremkia majini! Mwaka 2002 mahakama iliyakataa madai hayo: hataza ilitaja kompyuta ya kati, nayo intaneti haina kitovu. Jaji hakusema kwamba njia ni ya wote. Alipima maana ya neno “kati”.