KUHAMISHA KOMPYUTA PEPE IKIWA KAZINI: USALAMA WA FAILI LA DISKI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaarifiwa kwamba maelezo yafuatayo yanahusu usalama wa kumbukumbu zao pale zinapohamishiwa kwenye seva nyingine bila ya huduma kusimama.

Mkazi wa Katumba Songwe, wilayani Kyela, anapolipa tozo ya Serikali kwa namba ya malipo aliyopewa, malipo yake huandikwa katika seva iliyo mbali naye. Katika vituo vingi vya data duniani, seva moja hubeba kompyuta kadhaa za kubuni, ziitwazo kompyuta pepe. Diski ya kompyuta hiyo si chuma, bali ni faili moja kubwa. Faili hilo likiharibika, kumbukumbu zote zilizomo zimo hatarini.

Seva ikihitaji matengenezo, au mafuriko yakitishia jengo, jambo lisilo geni kwa watu wa Kyela, kompyuta pepe yaweza kuhamishwa ikiwa kazini. Mwaka 2005 watafiti wa vyuo vikuu vya Cambridge na Copenhagen walionesha kwamba kompyuta ya namna hiyo yaweza kuhama kwa kusimama milisekunde 60 tu. Yaliyomo katika kumbukumbu ya muda hunakiliwa huku kazi ikiendelea. Yanayobadilika hunakiliwa tena. Kisha seva ya zamani husimama kidogo, masalio hupelekwa, na seva mpya hushika kazi.

Ikiwa hifadhi ni ya pamoja, faili la diski halihami, ila mshikaji wake ndiye hubadilika. Hapo ndipo penye hatari. Wahenga wamesema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Seva mbili zikiandika katika faili moja kwa wakati mmoja, kila moja hufuta kazi ya mwenziwe, na faili huharibika.

Kwa hivyo, wasimamizi wa seva wanakumbushwa mambo haya:

(a) Mwandishi awe mmoja. Seva ya zamani imalize maandishi yake yote na kuachia faili kabla ya seva mpya kuanza kuandika. Programu ya QEMU, tangu toleo 2.10 la mwaka 2017, hufunga faili linalotumika kwa kufuli. Kufuli hilo lisiondolewe kwa nguvu.

(b) Nakala za kale zisitegemewe. Seva mpya hulifungua faili mapema, huku ya zamani ikiendelea kulibadilisha. Hapana budi yale iliyoyasoma mwanzo yatupwe, isome upya. Kwa sababu hiyo, katika hifadhi ya pamoja, mpangilio usiotumia akiba ya seva ndio uliozoeleka kuwa salama.

(c) Aina ya faili itajwe wazi. Programu ikiachwa ibahatishe, mtumiaji mwovu aliye ndani ya kompyuta pepe aweza kuandika mwanzoni mwa diski yake alama za aina nyingine, na kwa hila hiyo akasomeshwa mafaili ya seva yasiyomhusu.

(d) Faili linalotumika lisikarabatiwe wala kubadilishwa ukubwa kwa chombo kingine.

(e) Uhamisho ukikatika, ihakikishwe kwanza ni upande upi ulio hai. Kuwasha pande zote mbili ni kuharibu.

Ieleweke pia kwamba kuhamisha si kuweka akiba. Kosa lililomo katika faili huhama pamoja nalo. Kwa hivyo nakala ya akiba iwekwe mahali pengine kabla ya kazi kuanza, na ijaribiwe kwamba yasomeka.

Mwananchi, kwa upande wake, anashauriwa kuhifadhi stakabadhi ya kila malipo. Iwapo kumbukumbu za seva zitatiliwa shaka, karatasi hiyo ndiyo shahidi wake.