Askari wa Mwili Wanapomtoa Mtoto Kabla ya Wakati

JE, wajua kwamba askari wanaokulinda dhidi ya maradhi ndio wanaoweza kumtoa mtoto wako tumboni kabla ya siku zake?

Chukua mfano huu. Una mimba ya miezi saba. Unaamka asubuhi kiuno kikiuma na mkojo ukikuchoma. Jirani anakuambia ni uchovu wa kubanana kwenye matatu, nawe unaamua kungoja kliniki ya wiki ijayo. Hatari huanzia hapo.

Mtoto huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati iwapo mimba haijatimiza wiki 37. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watoto milioni 13.4 walizaliwa hivyo mwaka 2020, yaani karibu mmoja katika kila kumi. Sababu ni nyingi, lakini maambukizi ya bakteria ni mojawapo ya zile kubwa, hasa kwa watoto wanaozaliwa mapema mno.

Wengi hudhani kuwa bakteria ndio wanaomsukuma mtoto nje. Sivyo. Kazi hiyo hufanywa na mwili wa mama mwenyewe.

Bakteria wanapopanda kutoka ukeni hadi kwenye kizazi, chembe nyeupe za damu huitana kupigana. Miongoni mwao ni makrofaji, ambazo humeza wavamizi, na neutrofili, ambazo hufika kwa wingi penye vita. Chembe hizi hutoa kemikali za kupashana habari ziitwazo saitokini. Saitokini nazo huchochea kutengenezwa kwa prostaglandini, kemikali inayokaza misuli ya kizazi na kulainisha mlango wake. Wakati huo huo, neutrofili hutoa vimeng'enya vinavyodhoofisha utando unaomzunguka mtoto. Utando ukipasuka, maji humwagika.

Hata katika uchungu wa kawaida wa miezi tisa, chembe hizi huwa na kazi yake. Maambukizi huzigutusha tu kabla ya saa yake. Na vita vikishapamba moto, ni vigumu kuvizima.

Ndiyo maana hupaswi kukimbilia duka la dawa kujinunulia antibiotiki unapohisi uchungu wa mapema. Utafiti mkubwa uitwao ORACLE, uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2001, ulichunguza akina mama walioshikwa na uchungu mapema huku chupa haijavunjika wala hakuna dalili za maambukizi. Antibiotiki hazikuwasaidia. Matokeo ya mwaka 2008, watoto wao walipokuwa na miaka saba, yalionyesha kuwa ulemavu unaotokana na hitilafu ya ubongo ulikuwa mwingi zaidi kwa wale ambao mama zao walipewa dawa hizo. Lakini daktari akithibitisha kuwa una maambukizi, au chupa ikivunjika mapema, dawa atakazokuandikia ni za lazima. Zimeze zote hadi ziishe.

Ufanye nini basi? Anza kliniki mapema, na usikubali kuondoka bila kupimwa mkojo. Maambukizi ya mkojo yanaweza kukaa kimya bila maumivu yoyote. Kijikaratasi kinachochovywa katika mkojo hubadilika rangi kikigundua chembe nyeupe, dalili ya kwamba huenda askari tayari wako vitani.

Nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku, ukiona lolote kati ya haya kabla ya wiki 37: tumbo kukaza na kuachia kwa mpangilio, maji au damu kutoka ukeni, homa, au uchafu wenye harufu mbaya.

Kufika mapema kuna faida kubwa. Madaktari wanaweza kukudunga deksamethasoni ili mapafu ya mtoto yakomae haraka. Utafiti uliofanywa Kenya na katika nchi nyingine nne, na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza vifo vya watoto wachanga ikitolewa hospitalini penye huduma zinazofaa. Lakini inahitaji saa kadhaa kufanya kazi. Mama anayefika mtoto akichungulia amechelewa kuipata.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama, mkojo unaochoma ndio ufa wenyewe. Uzibe leo.