Santuri za hip hop zarudi sokoni, hasara yalala rafuni

Kwa takwimu za upande wa kampuni za kurekodi nchini Marekani, santuri imefufuka kabisa. Mwaka 2022 iliipita CD kwa idadi, milioni 41 kwa 33, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu 1987. Mwaka 2024 idadi ikafika milioni 44 hivi, zenye thamani ya dola bilioni 1.4. Albamu za hip hop zilizotoka 1993 na 1994 zimetimiza miaka thelathini, na maadhimisho hayo yameleta matoleo ya rangi, ya jalada jipya, ya sahani mbili. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo hupimwa mzigo unapotoka kwa wasambazaji, ukitolewa uliorudishwa, kwa bei ya rejareja ya kukadiria. Haisemi nani amenunua.

Hapo ndipo lalamiko la wenye maduka madogo linapopata uzito. Muuzaji mmoja wa rejareja, asiyetaka kutajwa kwa sababu anategemea wasambazaji walewale, anasema huagiza miezi kadhaa kabla na kulipia mzigo usiorudishwa. Toleo linalogombewa analetewa nakala chache kuliko alizoomba; lisilo na wateja linafika lote. Zamani CD isiyouzwa ilirudi kwa aliyeileta. Santuri ya toleo maalumu inabaki rafuni, mtaji wake umelala, mpaka aiuze kwa bei ya kutupa. Tukiunganisha maelezo yake na namna takwimu zinavyokusanywa, tunaona pengo ambalo maofisa wa sekta hawalizungumzii: mali isiyoruhusiwa kurudi haiwezi kupunguzwa kwenye hesabu, hata ikikaa dukani mwaka mzima. Kwa hiyo sehemu ya ukuaji huenda ni mzigo uliohama ghala tu. Ukubwa wa sehemu hiyo hauonekani katika takwimu zenyewe, na hilo linatosha kutilia shaka shangwe inayozizunguka.

Wenye kampuni hujibu kwamba gharama zao ni kubwa, na kwa hilo hawasemi uongo. Februari 2020 moto uliteketeza kiwanda cha California, kimoja kati ya viwili tu duniani vilivyotengeneza sahani za laka zinazochongwa kabla ya santuri kufyatuliwa. Kingine kiko Japani. Tena albamu nyingi za miaka ya tisini zilipangwa kwa urefu wa CD, zaidi ya saa nzima, ilhali upande mmoja wa santuri hubeba dakika ishirini na kitu bila sauti kufifia, hivyo sahani mbili haziepukiki. Kisha kuna vipande vya nyimbo za wengine. Tangu hukumu ya New York ya 1991, kwa kawaida kipande kinahitaji idhini ya mwenyewe, na mwaka 2006 baraza la mahakama huko Nashville liliamua dhidi ya kipande kilichotumiwa katika Ready to Die, albamu ya 1994. Matoleo yaliyofuata hayana kipande hicho. Lakini yote haya yanaeleza kwa nini santuri ni ghali. Hayaelezi kwa nini asiye na haki hata moja katika muziki huo ndiye abebe hasara ya makadirio ya mwenye hakimiliki.

Hamu ya wasikilizaji ni ya kweli. Miaka ya tisini CD na kaseti ndizo zilizotawala, santuri nyingi za hip hop zikiishia kwa madijei, na nakala za wakati ule zilizosalimika ni ghali. Hata hivyo, utafiti wa soko wa 2023 ulionyesha kuwa karibu nusu ya wanunuzi wa santuri Marekani hawana mashine ya kuzichezea. Mnunuzi wa namna hiyo anaweza kununua albamu aipendayo mara moja akaridhika. Haieleweki ni kwa nini anunue tena toleo la maadhimisho yajayo. Soko linaweza kuendelea kupanda kwa miaka kadhaa. Muuzaji wetu haombi ruzuku: anataka aruhusiwe kurudisha sehemu ndogo ya kila shehena, na kwa masharti ya sasa hajaruhusiwa.