Jiwe la Nyoka Libaki Mnadani

“Daktari, jiwe la nyoka linapatikana wapi hapa mjini Dodoma?” Mvua zikikatika tu, vijana wa Chimwaga wakaanza kupanga kupanda vilima na kwenda kuzunguka misitu ya Chenene na Kondoa, swali hilo linarudi. Hakuna anayeuliza abebe maji kiasi gani, wala kibali cha kuingia msitu wa hifadhi kinaombwa wapi. Ni jiwe tu. Nimelijibu kwa upole vya kutosha. Leo nalijibu kwa maandishi.

Kwanza, hilo linalobandikwa mahali nyoka alipouma ili eti livute sumu si jiwe. Kwa kawaida ni kipande cha mfupa wa ng’ombe kilichokatwa, kikasuguliwa, kikachomwa kwa kufunikwa mpaka kikawa cheusi tititi. Mfupa uliochomwa hivyo hubaki na vitundu vidogo visivyohesabika. Ukiubandika kwenye jeraha linalotoka damu, unafyonza majimaji na kunata. Ukishalowa, unaanguka wenyewe. Muuzaji anakwambia limeanguka kwa sababu sumu imekwisha. Kisha analitumbukiza kwenye kikombe cha maziwa, viputo vinapanda juu, naye anakuonyesha kwa kidole: “Unaiona sumu inavyotoka?” Ile ni hewa iliyokuwa ndani ya vitundu, basi. Chukua kigae kikavu cha chungu, kitie kwenye maziwa hayo hayo, utaona viputo vilevile, na kigae hicho hakijamgusa mgonjwa yeyote.

Sasa tuangalie sumu yenyewe iko wapi. Meno ya kifutu mkubwa yanazidi sentimita moja, na hayamwagi sumu juu ya ngozi. Yanaipeleka ndani ya nyama, nayo inaanza kusambaa papo hapo. Jiwe linafyonza tone la damu mlangoni wakati mwizi keshaingia chumbani. Shirika la Afya Duniani, lililoingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha yake ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, linasema wazi kwamba mawe haya yasitumike.

“Lakini mjomba wangu alibandikwa akapona!” Naamini. Shirika hilohilo linakadiria kwamba duniani watu kama milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na wanaopata sumu mwilini ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Yaani nusu au zaidi ya walioumwa hawakutiwa sumu: ama nyoka hakuwa na sumu, ama aliuma bila kuitoa. Watu hao wangepona hata kwa kubandikwa ganda la ndizi. Huenda mjomba wako ni mmoja wao, na jiwe likajitwalia sifa. Wale ambao jiwe halikuwafaa hawapo kutoa ushuhuda mnadani. Kwa makadirio hayohayo, wanaokufa ni kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka.

Nisichoweza kulisamehe jiwe ni muda linaoula. Watu wanakaa chini ya mti wakilisubiri lidondoke, saa moja, saa mbili, wakati sumu inaendelea na kazi yake. Ya kifutu huvimbisha mguu, ikatoa malengelenge na kuozesha nyama. Aliyechelewa anaweza kupoteza kidole au mguu wenyewe. Ya koboko hushika mishipa ya fahamu: kope zinalegea, ulimi unakuwa mzito, kisha pumzi inakatika, na hilo linaweza kutokea ndani ya saa chache. Mtu huyo anaweza kuokoka akifika mahali penye mashine ya kupumulia. Chini ya mti hakuna mashine. Na hao ndugu zake jiwe, yaani kuchanja kwa wembe, kunyonya kwa mdomo, kumwagia mafuta ya taa, kupiga shoti ya betri ya pikipiki na kukaza kamba mpaka mguu unakufa ganzi, wote wanaongeza kidonda juu ya kidonda.

Wengine wananiuliza kama basi misitu hii iepukwe. Hapana. Vilima vya Kondoa vilikuwa vimechanika makorongo; mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ukaanza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Miti ikarudi. Na msitu ukirudi, panya anarudi, na anayemla panya naye anarudi. Huwezi kutaka kivuli ukakataa wenyeji wake. Kifutu hana haja na wewe. Tatizo lake ni kwamba hakimbii: analala kimya kando ya njia, rangi yake na majani makavu huwezi kuzitenganisha, mpaka umkanyage.

Kwa hiyo, haraka haraka. Viatu vya kufunika kifundo cha mguu na suruali ndefu, si kandambili wala kaptula. Fimbo mkononi. Gogo likilala njiani, likanyage kwanza uone upande wa pili, usiliruke. Usitie mkono usipoona chini ya jiwe wala kwenye shimo. Anzeni alfajiri, muwe zaidi ya wawili, maji lita tatu kila mmoja, kwa sababu jua la Dodoma litawasumbua kuliko nyoka. Kibali ulizeni ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na mchukue mtu wa kijiji cha jirani anayeijua njia. Njia ikiwa ya mzunguko, jueni kila mnapofika ni upande gani ulio karibu na barabara. Mtu akiumwa hamna sababu ya kumalizia duara.

Akiumwa, ondokeni alipo nyoka, msimfukuze. Mvueni pete, bangili, saa na kiatu kabla hajavimba. Fungeni mguu kwa vijiti kama uliovunjika, bila kukaza. Asitembee, abebwe, au awekwe kwenye pikipiki katikati ya dereva na mtu wa kumshika. Akitapika alazwe ubavu. Swila akitema machoni, osheni kwa maji mengi hapohapo.

Dawa ya kuzuia sumu hutolewa kwa dripu, chini ya uangalizi, maana inaweza kuleta mzio mkali. Usiitafute ya kubeba begini. Wala si kila kituo kinayo. Kabla hamjaondoka, piga simu hospitali iliyo karibu na msitu mnaokwenda, uliza kama dawa ipo siku hiyo. Ukijibiwa haipo, uliza ya pili, uandike namba yake kwenye karatasi, kwa sababu simu huishiwa chaji.